Kuweka Rehani Nyumba ya Kukaa

Ndugu mmoja anayechunguza Islam ametuuliza: Je, yafaa mtu akaaye Marekani kuiweka rehani nyumba yake, akope kwa riba, anunue nyumba ya pili ya kupangisha? Asema jirani yake alifanya hivyo akatajirika.

Kwanza ijulikane kwamba rehani yenyewe si haramu. Mtume Mtukufu s.a.w. alipofariki, deraya yake ilikuwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa ajili ya shayiri ya watu wa nyumbani kwake. Lakini tazameni: alikopa chakula, wala hapakuwa na riba.

Tuchukue mfano. Nyumba ina thamani ya dola 300,000, na deni lake limebaki 180,000. (Deni hilo la kwanza nalo lina maelezo yake, leo twajibu lililoulizwa.) Fungu la mwenyewe, basi, ni 120,000. Juu ya fungu hilo akopa 80,000, azifanye malipo ya kwanza ya nyumba ya 320,000, na 240,000 zilizobaki azikope tena. Mali yote ni 620,000, madeni 500,000. Bei zikishuka kwa robo tu, mali yabaki 465,000, wala deni halipungui hata senti. Mpangaji aweza kuhama, riba haihami. Na malipo yakikatika, mkopeshaji ana idhini ya kuuza paa lililo juu ya watoto.

Haya si maneno ya kutishia watu. Benki kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka asilimia 1 katikati ya mwaka 2004 hadi 5.25 katikati ya 2006, na mingi ya mikopo ya namna hii hupanda pamoja nayo. Katika mji wa Las Vegas bei za nyumba zilianguka kwa zaidi ya nusu kati ya 2006 na 2012.

Naam, wako waliofaidika bei zilipokuwa zikipanda. Na mtu atasema: hata biashara ina hasara. Dai la kufananisha biashara na riba limetajwa katika Kurani Tukufu, Sura Al-Baqara, likakataliwa. Katika shirika, hasara ikija, mwenye mali hupoteza mali yake na mwenye kazi hupoteza jasho lake. Katika riba mmoja amejikinga, mwenziwe abeba yote. Tena Sura hiyo hiyo yaamuru mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa. Muulizaji na ausome mkataba wa benki, alitafute sharti hilo.

Ikiwa anayo akiba, na ashirikiane na ndugu wawili watatu, wanunue kwa fedha taslimu hata kama ni nyumba ndogo, wagawane kodi kwa kadiri ya fungu la kila mmoja. Na kabla ya kutia sahihi popote, amuulize mkewe.