Fasihi ya Kijerumani na Swali la Wema

Mwanafunzi wa uzamili katika lugha na fasihi ya Kijerumani hukutana mapema na swali zito: je, fasihi bora humfanya msomaji kuwa mwema? Goethe, mwandishi mkuu wa fasihi hiyo, alifariki Weimar mwaka 1832. Mwaka 1937 kambi ya mateso ya Wanazi ya Buchenwald ilijengwa karibu na mji huohuo, na zaidi ya watu 56,000 wakafia humo. Wasomi nao hawakuwa na kinga dhidi ya uovu huo. Mwezi Mei 1933, Wanazi walipochoma vitabu moto mjini Bonn, Hans Naumann, profesa wa fasihi ya Kijerumani, alihutubia umati. Elimu ya fasihi, peke yake, haimzuii mtu kutumikia uovu. Hata hivyo Paul Celan, Myahudi ambaye wazazi wake walifia katika kambi ya Wanazi, aliendelea kutunga mashairi kwa Kijerumani hadi kifo chake mwaka 1970.