Haki ya Mwenye Kutazama

Kithai kina neno faen, ambalo kililikopa kwa Kiingereza. Huko lilikotoka lina maana ya shabiki, yaani mtu ampendaye mwimbaji, mchezaji au mwigizaji kwa mbali, bila ya mwenye kupendwa kumjua. Lilipofika Bangkok, neno hili halikuiacha maana yake ya awali, bali lilijiongezea nyingine. Faen ni mpenzi, ni mchumba, hata mume au mke, wala halibagui mwanamume na mwanamke. Basi anayekaa nawe chumba kimoja na anayekuona katika kioo cha televisheni tu wanaweza kuitwa kwa neno hilo hilo. Wenyewe hawachanganyikiwi, kwani mazungumzo huonyesha ipi imekusudiwa. Lakini maana hizi mbili kuishi chini ya paa moja kunatuzindua swali ambalo si la Wathai peke yao: apendaye kwa kutazama ana haki gani juu ya yule anayetazamwa?

Nalileta swali hili kwa sababu ya tamthilia za televisheni za Thailand zinazosimulia mapenzi ya vijana wawili wa kiume. Wathai huziita tamthilia za Y, kwa kuchukua herufi ya kwanza ya neno la Kijapani yaoi. Asili yake ni Japani ya miaka ya 1970, ambapo wachoraji wanawake kama Takemiya Keiko na Hagio Moto walichora hadithi za mapenzi ya wavulana kwa ajili ya wasomaji wasichana. Thailand ilipata filamu yake mashuhuri ya mkondo huu, Love of Siam, mwaka 2007. Mwaka 2014 ikafuata tamthilia ya Love Sick, iliyotokana na riwaya, na mwaka 2016 ikaja SOTUS, hadithi ya mwanafunzi mgeni wa uhandisi na kiongozi wa wanafunzi wa juu yake. Ilipotoka 2gether mwaka 2020, wakati watu wa nchi nyingi wamefungiwa majumbani kwa ugonjwa wa korona, sifa ya tamthilia hizi ikaenea duniani. Watazamaji wake wengi ni wanawake.

Najua kwamba wasomaji wengi wa kurasa hizi wana kauli yao juu ya mapenzi yenyewe yanayoigizwa humo, na si kauli hiyo ninayoijadili. Swali langu lingesimama vile vile hata kama wanaoigizwa wangekuwa Leila na Majinuni. Ila Thailand limejitokeza kwa uwazi usiopatikana kwengine, kwa sababu mashabiki wa tamthilia hizi si watu wa kutazama na kunyamaza. Wao hubishana, hukosoa, hutetea, na aghalabu hoja zao ni nzito kuliko za wahakiki wanaolipwa.

Tuanze na ukosoaji wao, maana ndani yake mna haki isiyo na shaka. Lawama ya kwanza ni juu ya hadithi ambamo mmoja humlazimisha mwenzake, kisha sehemu chache mbele kulazimisha kule kukaitwa mapenzi. TharnType ya mwaka 2019 ilipendwa mno, na ililaumiwa mno kwa jambo hili. Lawama ya pili ni mazoea ya kuwagawa wapenzi wawili wa kiume katika mume na mke, kana kwamba mapenzi hayawezi kufikirika mpaka mmoja awe juu na mwengine chini. Ya tatu ni usemi uliorudiwa katika tamthilia nyingi, wa kijana anayesema kwamba hapendi wanaume, ila anampenda huyu mmoja tu. Wako wanaoyasikia maneno haya kuwa ni kilele cha mahaba. Wengine huyaona kuwa ni woga, kwa kuwa msemaji anataka tamu ya mapenzi bila ya kulibeba jina lake. Ya nne ni hali ya wanawake katika hadithi, ambao mara nyingi hawakupewa kazi ila ya kuwa mpenzi wa zamani mwenye husuda na fitina.

Wanaotetea hujibu kwa maneno mawili: ni hadithi. Jibu hili halifai kudharauliwa, na mtunzi ye yote angependa kulishika. Hadithi isiyoruhusiwa kuonyesha ubaya si hadithi tena, ni mawaidha. Lakini wakosoaji hawa hawakusema ubaya usionyeshwe. Wanalolaumu ni kuonyeshwa ubaya kwa muziki laini na mwanga wa jioni, mpaka mtazamaji wa miaka kumi na mitano aone ndivyo mapenzi yalivyo. Kuusimulia wizi si kosa. Kosa ni kuusimulia wizi na kuuita zawadi. Hapo naona wakosoaji wana hoja yenye nguvu zaidi, kwa sababu wao hawamwombi mtunzi anyamaze, wanamwomba akiite kitu kwa jina lake.

Hata hivyo ukosoaji nao una masharti, na la kwanza ni kujua. Shabiki wa ng'ambo huyapata maneno ya Kithai kupitia tafsiri iliyoandikwa chini ya picha, na tafsiri, najua mimi niliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, huficha kama inavyofichua. Kithai kina phi kwa aliyekutangulia umri na nong kwa aliye mdogo wako, na kijana anayeacha kumwita mwenziwe phi amekwishasema jambo kubwa ambalo maandishi ya chini hayakulisema. Vile vile maneno pua na mia, yanayofasiriwa kuwa mume na mke, ni maneno ya mitaani yenye ukali na utani ndani yake, wala hayalingani na yale yaandikwayo katika hati ya ndoa. Lawama juu ya mgawanyo wa mume na mke haiondoki kwa kujua hivyo, lakini inapata vipimo vyake. Anayehukumu kwa neno la mfasiri peke yake huenda anamhukumu mfasiri.

Mwaka 2021 ikatoka Bad Buddy, iliyoongozwa na Noppharnach Chaiwimol, ikisimulia vijana wawili wa nyumba jirani ambao wazee wao ni mahasimu. Mashabiki wengi waliipokea kama jibu la malalamiko yao ya miaka. Haikuwagawa vijana wake katika mume na mke, na wasichana wawili wa hadithi hiyo, badala ya kufanywa wafitini, walipewa mapenzi yao wenyewe. Sidai kwamba lawama za watazamaji ndizo zilizoiandika. Ninalosema ni kwamba mtazamaji anayepima kazi kwa uadilifu anafanya kazi ya fasihi. Juu ya tamthilia ana haki zote: kuisifu, kuikataa, kuitaka iwe bora.

Mambo hubadilika pale jicho linapoitoka tamthilia na kumwendea mwigizaji.

Wathai wana msemo khu jin, yaani jozi ya kuwazwa. Khu ni jozi, na jin ni kifupisho cha neno lenye maana ya kuwaza na kudhani. Makampuni ya televisheni, na hasa GMMTV, yamejenga biashara juu ya jozi hizi. Waigizaji wawili waliopendana katika hadithi huendelea kuwekwa pamoja hadithi ikishakwisha, katika matangazo ya bidhaa, katika vipindi vya mazungumzo na katika mikutano ya kulipia na mashabiki. Hata majina yao huandikwa bila ya nafasi kati. Krist na Singto wa SOTUS wakawa KristSingto, Bright na Win wa 2gether wakawa BrightWin. Jukwaani hushikana mikono, hulishana, hutazamana kidogo zaidi ya kiasi, na ukumbi hupiga kelele. Hakuna aliyesema kwamba wanapendana, wala aliyekana. Biashara yote imo katika kutokukana huko.

Shabiki anayejua kwamba anawaza hana kosa. Neno lenyewe linakiri kwamba ni wazo. Kosa huanza pale wazo linapogeuzwa deni. Mwigizaji akionekana na mchumba wake wa kweli, wapo wanaosema wamesalitiwa. Akipangiwa mwenzi mwengine katika tamthilia mpya, wapo wanaomtukana huyo mgeni. Kila picha yake inachunguzwa, yu pamoja na nani, amevaa pete ya nani. Mwezi wa Aprili 2020 Bright alionyesha kupendezwa na picha mtandaoni, ambazo maelezo yake yaliitaja Hong Kong kuwa ni nchi. Watu wa China walighadhibika. Aliomba radhi, lakini ugomvi haukutulia, ukahamia kwenye maneno ya msichana aliyekuwa mpenzi wake, na ukawa mvutano wa mataifa. Hasira ile ilikuwa ya siasa, si ya wivu. Hata hivyo inaonyesha jinsi mtu anayependwa na mamilioni asivyobaki na kona isiyotazamwa, wala yeye wala walio karibu naye.

Wako watakaosema kwamba waigizaji hawa walitia saini mikataba, na wanakula kwa kutazamwa huko huko. Ni kweli, na kampuni inayouza tumaini la uongo ina sehemu kubwa ya dhambi. Lakini mtu huuza kazi yake, hauzi nafsi yake. Fundi aliyenijengea nyumba hakunipa haki ya kumchagulia rafiki. Wala udanganyifu wa muuzaji hauhalalishi dhulma ya mnunuzi, hasa ikiwa mnunuzi moyoni mwake alijua anachonunua. Na hapa nasema neno gumu: mashabiki wengi wanajua. Wanajua kwamba tabasamu lile lilipangwa, na wanalidai liwe la kweli ili wao wasionekane wamelipia kivuli.

Sisi wa pwani tuna desturi inayotufundisha njia nyingine. Mtu aliyeguswa na beti katika taarabu huinuka, akaenda kumtunza mwimbaji, na pengine akatupa jicho upande alikoketi hasimu wake ili ajue maneno yamemfika. Kwa kitendo kile ameuchukua wimbo ukawa wake. Mwimbaji amembebea tu, kama jahazi linavyobeba shehena isiyo yake. Hapana amwulizaye mwimbaji kama kweli ameachwa, wala amtakaye akalie nyumbani alivyolia jukwaani. Tunajua pia kwamba hata kwetu wapo wanaosikia shairi la mapenzi wakakimbilia kuuliza, nani huyo aliyekusudiwa? Na washairi wote tumekutana na swali hilo, na tumelikwepa kwa kicheko. Tunalikwepa kwa sababu mahabubu wa shairi, akishatajwa kwa jina na mtaa, humtoka msikilizaji. Anakuwa mali ya mtu mmoja, na shairi linakuwa barua iliyofunguliwa na wasiohusika.

Hivyo ndivyo inavyompata shabiki anayedai jozi iwe ya kweli. Anadhani anaikamilisha hadithi, kumbe anaiua. Katika I Told Sunset About You, tamthilia ya mwaka 2020 iliyopigwa picha kisiwani Phuket, Teh na Oh-aew ni vijana wa shule wanaojiandaa kwa mitihani ya chuo kikuu, mmoja akimfundisha mwenziwe Kichina. Uzuri wake upo katika kusitasita kwao, na kusitasita huko ni kwa Teh na Oh-aew. Waigizaji walipolivua vazi, hawakubaki na deni lo lote kwetu. Walishatulipa.

Iwapo shabiki anatafuta ukweli wa kuushughulikia nje ya hadithi, ukweli upo, ila si katika chumba cha mwigizaji. Upo kwa watu ambao hadithi inadai kuwasimulia. Hoja hii pia ilitolewa na mashabiki Wathai wenyewe: inakuwaje kampuni ipate utajiri kwa mapenzi ya wanaume wawili, na mtazamaji apate furaha, ilhali wenye maisha hayo nchini mwao hawawezi kurithiana wala kutiana saini hospitalini? Not Me, iliyoongozwa na Anucha Boonyawatana na kuanza kuonyeshwa mwishoni mwa 2021, iliyaingiza madai ya sheria ya ndoa ndani ya hadithi. Bunge la Thailand lilipitisha sheria hiyo mwaka 2024, nayo ikaanza kutumika tarehe 23 Januari 2025. Kila nchi ina hoja zake katika jambo hili. Lakini mantiki ya waliouliza ni safi: anayefaidi sura ya watu asijitie upofu mbele ya watu wenyewe. Mtu akililia mtumwa katika filamu na kumpiga mtumishi wake nyumbani, machozi yake yana thamani gani?

Kwa hiyo mwenye kutazama ana haki moja na madeni mawili. Haki yake ni juu ya kazi, aipime kwa ujuzi na bila ya kuona haya. Deni lake la kwanza ni kwa mwigizaji, kumwachia maisha yake. La pili ni kwa anayesimuliwa, kutomfanya pambo la burudani kisha akamsahau. Na kipimo cha shabiki hakipatikani siku ya kelele ukumbini. Hupatikana siku jozi inapovunjika, kila mmoja akaenda na kazi yake na ampendaye. Aliyeipenda hadithi siku hiyo ataifungua tena tangu mwanzo, na ataikuta haijapungua kitu. Aliyetaka kumiliki watu ataona ameibiwa, naye hakuwa na mali.