Chumba kwa Ajili ya Mtumishi

Somo: 2 Wafalme 4:8-37



Mwanamke wa Shunemu alimwona Elisha akipita kwao mara kwa mara, akatambua kwamba ni mtumishi wa Mungu. Wala hakuridhika na kumpa chakula tu. Alifanya shauri na mumewe, wakamtengenezea chumba chenye mahali pa kulala, pa kuketi na pa kusomea, pamoja na taa ya usiku. Baadaye mwanawe alishikwa na maumivu ya kichwa shambani, akafa siku ile ile. Ndipo mama yule alipojua wa kumkimbilia, kwa maana urafiki ulikuwa umejengwa kabla ya msiba.

Katika nchi yetu ya Tanzania, mpango wa afya ya msingi wa 2007 hata 2017 ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati, na kila kata kituo cha afya. Tena tangu 2022 mpango wa m-mama umeenezwa nchini. Mama mjamzito, au aliyejifungua, au mtoto mchanga akipatwa na hatari, simu hupigwa 115 bila malipo; na likikosekana gari la wagonjwa, huitwa dereva wa karibu aliyeandikishwa, naye hulipwa. Twamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini dereva hakufundishwa kuzuia damu ya mzazi, wala kumsaidia mtoto asiyepumua. Lazima awepo tabibu, muuguzi au mkunga wa kuutunza uhai hata gari lifike. Naye huyo mara nyingi huja kijijini, hukaa kidogo, kisha huomba uhamisho.

Tusiseme upesi kwamba anapenda anasa za mji. Pengine nyumba yake yavuja. Huamshwa usiku baada ya usiku, wala hana wa kumpokea zamu. Kabati la dawa likiwa tupu, yeye ndiye atukanwaye. Je, sisi tungevumilia hayo miaka mingapi?

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2010 na 2021, lashauri wachaguliwe kwa mafunzo vijana waliokulia vijijini, kwa kuwa hao huelekea zaidi kurudi na kudumu huko. Tena lashauri watumishi wapewe makao mema, usimamizi wa kuwasaidia, na nafasi ya kuendelea na elimu.

Mshahara ni wajibu wa mwajiri, wala shukrani zetu zisiwe badala yake. Bwana mwenyewe alifundisha kwamba mtenda kazi asinyimwe ujira. Lakini kile chumba cha Shunemu kilijengwa na jirani, si na mfalme. Basi, wazee wa usharika na wainjilisti, tuulizane: Muuguzi wetu achota maji wapi? Mkunga akiitwa usiku, nani humsindikiza? Je, yuko binti katika darasa letu la kipaimara mwenye bidii ya masomo, ambaye kesho ada ya chuo itamshinda? Huyo tumchangie, ili arudi kuwahudumia watu ambao lugha yao aijua tangu utoto.

Tusingoje mtoto aanguke shambani ndipo tuanze kutafuta msaada. Mungu atupe macho ya kumwona mtumishi apitaye kwetu, na mikono ya kumtengenezea mahali pa kukaa. Amina.