Ndiyo ya Uongo

Je, kijana apendaye kuwaheshimu wazazi wake imempasa kuoa mke waliyemchagulia, hata kama moyo wake uko kwa mwingine? Jambo hili lataka kufikiriwa polepole.

Mfano ni huu. Kijana mmoja alitoka vijiji vya Walungu, akaenda kufanya kazi mjini Bukavu. Huko akampenda binti, akamwahidi ndoa. Kumbe nyumbani baba yake alikuwa amekwisha kumposea binti wa jirani, akatoa ng'ombe mmoja, kwa kuwa mahari ya Bashi ni ng'ombe tangu zamani. Baba alipompigia simu, kijana alijibu: «Ndiyo, Baba.» Binti wa mjini alipomwuliza, alimjibu vilevile: «Ndiyo.» Akajisifu moyoni kwamba hakumkasirisha mtu.

Miaka miwili ikapita. Binti wa kijijini akawakataa wachumba wengine. Binti wa mjini akazidi kungoja. Baba akaahidi ng'ombe wa pili, naye hana. Hivyo woga wa mtu mmoja ukawa mzigo wa watu watatu.

Basi, mtoto anawiwa nini na wazazi wake? Anawiwa heshima, msaada, na kusikiliza shauri lao, maana wazazi huona mengi yasiyoonwa na apendaye. Lakini ridhaa ya ndoa hakuna awezaye kuitoa kwa ajili ya mwingine. Ndivyo inavyofundisha Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1057. Nayo Sheria ya Jamaa ya Kongo, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yataka mahari, tena yataka kila mmoja aridhie mwenyewe. Mahari huunganisha jamaa mbili. Haikati ulimi wa kijana wala wa binti.

Wengine husema: «Kumwambia baba hapana ni kumdharau.» Sivyo. Amdharauye ni yule ampaye ndiyo ya uongo, kwa maana amemhesabu kuwa mtu asiyestahili kuambiwa kweli.

Mwishowe kijana yule alimwendea shangazi yake, naye akamwongoza mbele ya baba. Akapiga magoti, akasema: «Baba, nimekosa. Nilinyamaza kwa woga. Yuko binti mwingine niliyemwahidi.» Baba akakasirika sana, wala hakukasirika bure. Kijana akaenda mwenyewe kwa wazazi wa binti wa kijijini kuomba radhi. Hakudai ng'ombe arudishwe. Alimlipa baba yake kidogo kidogo kwa mshahara wake. Siku nyingi zikapita kabla baba hajakubali kumpokea binti wa mjini nyumbani mwake.

Kama kijana angalisema mapema, hasira ya baba ingalikuwa ileile, lakini mabinti wawili wasingalipoteza miaka miwili. Kwa hiyo kijana anayeogopa hasira ya wazee na ajiulize kwanza: «Nani anangoja kwa sababu ya neno langu?»