Mapumziko ni Haki, Ahadi ni Deni



Likizo iliyopita nilijitolea wiki nne katika zahanati moja ndogo mtaani Nyamirambo, jijini Kigali. Mimi si daktari wala muuguzi; nasoma masomo ya Kiislamu. Kazi yangu ilikuwa kupanga mafaili, kukagua bima ya afya ambayo wenyeji huiita mituweli, na kuwafasiria madaktari wageni maneno ya wagonjwa wanaosema Kiswahili. Nao ni wengi, kwa kuwa Nyamirambo ndio mtaa wa Waislamu wa tangu zamani. Uislamu uliingia Rwanda pamoja na wafanyabiashara na askari wa wakati wa Wajerumani, na lugha yao ilikuwa hii hii yetu.

Wiki ya tatu wenzangu walipanga kutembea mjini siku ya Jumamosi. Mimi nikasita. Je, inafaa mtu aliyekuja kuwahudumia wagonjwa atumie siku nzima kutazama mji, ilhali foleni iko pale pale? Usiku ule sikupata usingizi mzuri.

Nikarejea niliyofundishwa darasani. Tunaijua habari ya Salman na Abu Dardaa (R.A.). Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku mpaka akaisahau nyumba yake. Salman akamkumbusha kwamba Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa, alimkubalia Salman. Tena Qur'an inatuamrisha zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi, tutazame na tuzingatie. Matembezi yenye mazingatio si upuuzi.

Nilipoichunguza nafsi yangu zaidi, nikaona kwamba hofu yangu haikuwa huruma tupu. Ndani yake mlikuwa na majivuno, kana kwamba zahanati ingefungwa siku nisipokuwepo. Zahanati ile ilikuwepo kabla yangu na ipo mpaka leo. Basi nikaenda.

Asubuhi tulipanda pikipiki, kila abiria amevishwa helmeti, tukaenda Gisozi kwenye Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari, yaliyofunguliwa mwaka 2004. Pale wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa mwaka 1994. Idadi hiyo nilikuwa nimeisoma kabla, na nakiri kwamba haikunitikisa. Kilichonivunja ni chumba cha watoto. Zimetundikwa picha kubwa, na chini ya picha kuna jina la mtoto, umri wake, chakula alichokipenda, na namna alivyouawa. Nilisimama mbele ya mtoto mmoja nikalia bila kujizuia. Jioni tulipanda Mlima Kigali kuangalia taa za mji zikiwaka kilima baada ya kilima. Nilirudi nikiwa na moyo mwepesi, nikimshukuru Mwenyezi Mungu.

Jumatatu nikafika kazini. Muuguzi akaniambia, "Mzee wako alikuja juzi."

Nikakumbuka hapo hapo, na mwili ukaniisha nguvu. Kulikuwa na mzee mmoja mgonjwa wa presha na sukari, macho yake hayaoni vizuri. Alikuwa akivichanganya vidonge vyake. Alhamisi nilimwambia, "Mzee wangu, njoo Jumamosi. Nitakuandikia kwa Kiswahili, herufi kubwa: hiki cha asubuhi, hiki cha jioni." Kadi sikuziandika. Jumamosi alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Muuguzi alitaka kumsaidia, akakataa kwa upole: "Kijana wa Tanzania ameshaniahidi. Atakuja." Jumapili alikosea, akanywa kidonge cha presha mara mbili, akapata kizunguzungu na kuanguka mlangoni kwake. Alhamdulillahi, hakuvunjika.

Nilimfuata nyumbani baada ya kazi, kadi mkononi.

"Shikamoo, Mzee. Nisamehe. Nilisahau."

"Marahaba, mwanangu. Kusahau ni kwa binadamu. Ulikwenda wapi?"

"Gisozi."

Akanyamaza kidogo. "Ulifanya vizuri kwenda. Haya, nisomee hizo kadi."

Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniumiza.

Ndugu yangu, nimelifikiria jambo hili tangu siku ile. Mtu anaweza kunitetea kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu kwa wanayoyafanya kwa kusahau. Ni kweli. Lakini wanafiqhi wanatufundisha kwamba sahau huondoa dhambi, haiondoi deni. Aliyesahau Swala ataiswali akikumbuka. Aliyeharibu mali ya mwenzake kwa kusahau atalipa. Na Surat Al-Israa (aya ya 34) inatutaka tutimize ahadi, kwa kuwa ahadi itaulizwa.

Kosa langu, basi, halikuwa matembezi. Siku nzima ya mapumziko ilikuwa haki yangu. Kosa ni kwamba nilitumia usiku mzima kujiuliza kuhusu wagonjwa wote, nisimkumbuke mgonjwa mmoja niliyempa neno langu. Hatia ile kubwa, ya jumla, ilinifanya nijione mtu mwema, na huku imelificha deni dogo lenye jina na saa. Laiti ningejiuliza swali jepesi zaidi: Kesho nani ananitegemea, na kwa lipi? Ningeziandika kadi kwa dakika kumi, nikamwachia muuguzi, nikaenda zangu Gisozi kwa amani.

Na Gisozi kwenyewe nilifundishwa hilo hilo, nisisikie. Chumba kile kinataja watoto mmoja mmoja, kwa jina na kwa chakula. Wazee wa Nyamirambo nao husimulia jinsi Waislamu wengi walivyowaficha majirani zao mwaka 1994, ingawa si kila Mwislamu alitoka na mikono safi. Wale waliookoa walimfungulia jirani fulani, aliyebisha hodi usiku fulani. Surat Al-Maida inapotufunza kwamba kuokoa nafsi moja ni kama kuokoa watu wote, inaanza na moja. Mimi nilikuwa nikimlilia mtoto nisiyemjua, mbele ya picha yake, saa ile ile mzee ninayemjua ananisubiri kwenye benchi.

Likizo inakuja, na wengi wenu mtakwenda kujitolea, mbali au karibu. Pumzikeni bila kuona haya. Tembeeni, tazameni, zingatieni. Lakini kabla hamjatoka mlangoni, kila mmoja ahesabu ahadi zake, moja moja, kwa majina ya watu. Asiyeweza kuitimiza aikabidhi kwa mwingine, na mwenye ahadi yake aambiwe asisubiri.

Mzee yule nilimwandikia kadi nne. Siku ya kuondoka nilipita kumuaga, nikazikuta zimebandikwa ukutani, juu ya kitanda chake.

Wabillahi tawfiq.