Amana ya Elimu: Wanazuoni wa Biashara na Deni la Ukanda wa Dhahabu

Swali la iwapo mafanikio ya mwanazuoni ni mali yake mwenyewe ni la zamani katika dini na falsafa, lakini kwa mwalimu wa chuo cha biashara lina uzito wa pekee, kwa kuwa malighafi ya utafiti wake ni maarifa ambayo watu wengine wameyapata kwa jasho, kwa hasara, na pengine kwa kuzika wenzao. Mwanajiolojia anayepima mwamba wa Geita hana deni kwa mwamba huo. Mtaalamu wa biashara anayeuliza jinsi wachimbaji wadogo wanavyochangia gharama za duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, hupokea kutoka kwao hesabu waliyoitunga na kuijaribu wao wenyewe miaka mingi kabla yeye hajafika, na akisha kuiandika kwa istilahi za fani yake, ndiye anayepanda cheo.

Taratibu za vyuo vikuu hulipita swali hilo pembeni. Mhadhiri huwa mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki na hatimaye profesa kamili, kwa kuhesabiwa zaidi makala zake za majarida, zilizopitiwa na wataalamu wenzake, huku huduma kwa jamii ikipewa uzito mdogo kuliko machapisho. Kipimo hiki hakikuwazuia wanazuoni wa Tanzania kufanya kazi yenye faida kubwa. Kitivo cha Biashara na Menejimenti cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1979 na kuwa Shule Kuu ya Biashara mwaka 2008, kilimlea Profesa Lettice Rutashobya, ambaye tafiti zake ziliwaingiza wanawake wafanyabiashara katika mjadala wa kitaaluma uliokuwa umewasahau, na Donath Olomi, aliyekijenga kituo cha ujasiriamali cha chuo hicho. Hata hivyo idadi ya makala haiwezi kueleza kwa nini kazi hizo zilistahili kufanywa, wala haimtaji mwenye maarifa yaliyoandikwa.

Nkome, kata ya Wilaya ya Geita iliyo ufukweni mwa Ziwa Victoria na ambako wasafiri huvukia kwenda Hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo, ni mahali panapofaa kulipimia swali hili, kwa sababu hapo uvuvi na dhahabu vimepakana, na si ajabu kijana kuacha mtumbwi kwa msimu mmoja akajaribu bahati yake duarani. Kwenye mwalo, yaani mahali mitumbwi inapofikia na samaki kuuzwa, wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza wakiwa na taa za kuwavutia dagaa, na hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, kwani mwanga wake huwatawanya dagaa wasikusanyike penye taa. Asubuhi hesabu huanza kwa kutoa mafuta ya injini na gharama nyingine za safari, ndipo salio hugawanywa kati ya tajiri, kama anavyoitwa mwenye mtumbwi na nyavu, na wavuvi wake. Usiku usio na samaki, tajiri hupoteza mafuta na mvuvi hupoteza nguvu zake. Machimboni utaratibu ni wa werevu zaidi, maana mgawanyo hufanywa kwa viroba vya mawe kabla mawe hayajafikishwa kwenye karasha kusagwa, na mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji kila mmoja huondoka na mawe ambayo dhahabu yake haijajulikana bado. Fani ya biashara huliita jambo hili mgawanyo wa hatari, yaani makubaliano ya awali ya nani atabeba hasara gani, na imeliandikia vitabu vingi. Lakini viroba hivyo tayari vina nadharia ndani yake, kwa kuwa watu wanaogawana kabla ya kujua humnyima kila mmoja wao nafasi ya kuwaficha wenzake mavuno.

Anayekubali kwamba hiyo ni nadharia, na si desturi tu inayongoja kuelezwa na msomi, hawezi tena kuyaita mafanikio ya utafiti kuwa ya mtu mmoja. Hapa fikra ya amana, yaani kitu kinachoshikwa na mtu kwa niaba ya mwenyewe, ina msaada mkubwa kuliko fikra ya umiliki. Abu Hamid al-Ghazali, aliyekuwa mwalimu katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, aliacha cheo hicho mwaka 1095 baada ya kuichunguza nia yake na kuona kwamba ufundishaji wake ulisukumwa na kutafuta jaha na sifa. Hakuikataa elimu, kwani mwaka 1106 alirudi kufundisha, safari hii Nishapur; alichokikataa ni elimu inayomhudumia mwenye kuibeba. Katika Ukristo, mfano wa talanta ulio katika Injili ya Mathayo umejengwa moja kwa moja juu ya biashara, na mara nyingi husomwa kama sifa kwa aliyezalisha zaidi, ingawa mtumishi aliyeleta tano na yule aliyeleta mbili wanapokea pongezi zilezile kwa maneno yaleyale. Uzito wa mfano huo haumo katika kiasi, bali katika ukweli kwamba fedha ilikuwa ya mwingine na hesabu ilipaswa kutolewa kwake.

Pingamizi lililo zito ni kwamba ukweli una thamani hata kama haumnufaishi yeyote, na kwamba chuo kikuu kinachopimwa kwa huduma huishia kuwa ofisi ya ushauri. Pingamizi hili linastahili heshima, lakini linachanganya kunufaisha na kutoa hesabu. Kazi ya Profesa Mussa Assad inaonyesha tofauti hiyo. Alikuwa mwalimu wa uhasibu katika Shule Kuu ya Biashara, akateuliwa kuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali mwaka 2014, na akaishika nafasi hiyo hadi 2019. Ripoti ya mwaka wa fedha 2016/17 ilipoonyesha tofauti ya shilingi trilioni 1.5 kati ya fedha zilizokusanywa na zilizotumika, jambo hilo lilijadiliwa bungeni na vijiweni, Serikali ikatoa maelezo yake, na uhakiki ukafanyika. Jambo la maana kwa mjadala huu ni kwamba maarifa ya kitaaluma yaliwekwa mahali ambapo mlipakodi na Serikali yenyewe waliweza kuyahoji. Makala iliyochapishwa kwa Kiingereza, katika jarida linalouzwa kwa fedha za kigeni, haimpi mwenye duara wala tajiri wa Nkome fursa ya kusema kwamba mtafiti amekosea, na ukweli usioweza kupingwa na wanaoujua zaidi ni dhaifu hata kwa vigezo vya sayansi yenyewe.

Taasisi za dini ziliwahi kuutambua wajibu huo wa kutoa hesabu katika suala la dhahabu. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (Bakwata) walitoa kwa pamoja ripoti ya utafiti kuhusu namna nchi inavyokosa manufaa ya madini hayo, na kwa upande wa Serikali, mwaka 2017 Profesa Nehemiah Osoro, mchumi, aliongoza kamati ya rais iliyochunguza makinikia, yaani mchanga uliokolezwa dhahabu, shaba na fedha, kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi wilayani Kahama. Wachunguzwa katika kazi hizo walikuwa kampuni kubwa na Serikali, wenye wanasheria wa kujitetea.

Kwa wanyonge, amana ina upande wa pili, yaani kutunza siri, ambao maadili ya utafiti huutaja kwa haraka mno. Kabla ya soko la madini kufunguliwa Geita mwezi Machi 2019, na kabla Bunge halijawaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, kueleza kwa usahihi njia ambazo dhahabu yao ilipitia kungeweza kumpa mtoza ushuru ramani kamili, kwa idhini ya watu ambao hawakujua walichokuwa wakikiidhinisha. Kubadili majina hakutoshi pale ambapo machimbo yenyewe yanatambulika kwa maelezo. Mtafiti anayelijua hilo hulazimika wakati mwingine kuuacha ukurasa ule ulio bora kuliko zote, akaridhika na makala nyembamba zaidi, na kamati ya kupandisha vyeo haina namna ya kuiona kazi hiyo isipokuwa imuulize yeye, na iwaulize wale aliowatunzia siri, alifanya nini na maarifa aliyokabidhiwa.