Huruma Yenye Kuchagua Sura

Binadamu humhifadhi mnyama kwa kuwa mnyama ana haki ya kuishi, au kwa kuwa sura yake yapendeza? Swali hili laonekana jepesi, lakini historia ya hifadhi za wanyama inalifanya zito.

Mwaka 1927 serikali ya jimbo la Queensland, Australia, ilifungua msimu wa kuwinda koala, na katika mwezi mmoja wakauawa zaidi ya nusu milioni kwa ajili ya ngozi zao. Mwaka huo huo, mjini Brisbane, Claude Reid alianzisha hifadhi ya Lone Pine kwa koala wawili tu, Jack na Jill. Manyoya yaliyomponza mnyama huyu ndiyo yaliyokuja kumpatia wapenzi: wageni walimwona kama mtoto mchanga, wakataka kumpakata. Chema chajiuza. Lakini mwaka 2022 koala wa Queensland na majimbo jirani alitangazwa kuwa hatarini kutoweka, kwani mikaratusi anayoila iliendelea kukatwa. Huruma ya sura ilimtunza bandani; msituni haikumfuata.

Unguja ina mla majani wake, kima punju, asiyekuwa na asili kwingine duniani ila kisiwa hiki na vijisiwa vyake. Jina lenyewe ni shutuma, maana punju ni sumu. Ilisemwa kwamba mti anaoula hufa. Kumbe sumu imo katika majani ya mkungu na mwembe, naye hula makaa ya tanuri ili kuipunguza makali. Wakulima walimlaumu kwa kula vidaka vya nazi, ila utafiti uliochapishwa mwaka 1999 haukuona kwamba mavuno yalipungua kwa sababu yake. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zikawa hifadhi ya taifa, na sehemu ya kiingilio ikapelekwa vijijini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapo haki ya mnyama ilikutana na haki ya jirani yake, japo bado kwa msaada wa sura: mgeni hulipa ili amwone kima mwenye shungi jeupe na mgongo mwekundu.

Je, asiye na sura ya kupendeza atetewe na nani? Chiwanda, katika mwambao wa Ruvuma wa Ziwa Nyasa, swali hilo lina maji na nyavu. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana penginepo, wengine wakiishi kwenye mwamba mmoja tu. Miongoni mwao majike hubeba mayai kinywani, bila kula, hata vitoto viweze kuogelea. Ni uzazi wa kujinyima usiopungukiwa na wa koala, lakini hakuna awezaye kumpakata samaki. Malawi ilitenga hifadhi ya taifa ziwani mwaka 1980, na Msumbiji ikatangaza yake mwaka 2011. Maji ni yale yale, na samaki hajui mpaka.

Kumwambia mvuvi wa Chiwanda aache mazalio ya samaki bila kumpa kitu ni kuomba sadaka kwa maskini. Kumwacha akokote nyavu za matundu madogo mpaka mazalio yaishe ni kumdhulumu mwanawe, atakayerithi mtumbwi na maji matupu. Haki, basi, haina budi kuwatazama wote wawili, na kuwatazama bila kuuliza nani mzuri. Kima alitetewa vema zaidi siku mwanakijiji alipopata fungu lake. Mwenye usipa sahanini na nyavu begani astahili fungu kama hilo, ingawa hakuna mtalii atakayevuka bara kwa ajili ya kupiga picha mayai yaliyofichwa kinywani.